Kwa nini wanawake wa Kibengali huwahi kukoma hedhi?

Nchini Uingereza, wastani wa umri wa kukoma hedhi ni miaka 51. Nchini India, ambako pia wanaishi Wabengali, ni kama 46 au 47, na wanawake wa Bangladesh, nchi ya Wabengali, nao huwatangulia wenzao wa Ulaya. Pengo hilo si dogo. Ovari, viungo vinavyotunza mayai ya mwanamke, zikiacha kazi, homoni ya estrojeni hushuka, mifupa huanza kupungua uimara na moyo hupoteza sehemu ya kinga yake. Anayetangulia hukaa miaka mingi zaidi katika hali hiyo.

Wengi wakiulizwa sababu, hata waliosoma, hujibu kwamba ndivyo walivyoumbwa: Mbengali ana jeni zake, Mwingereza ana zake, basi. Jibu hilo linastahili kupimwa taratibu, kwa sababu limejengwa juu ya jambo la kweli.

Kweli, jeni zinahusika sana. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba takriban nusu ya tofauti ya umri wa kukoma hedhi kati ya mwanamke na mwanamke hutokana na urithi. Mwaka 2021, watafiti waliochambua vinasaba vya wanawake wapatao 200,000 wenye asili ya Ulaya walibainisha maeneo 290 ya DNA yanayohusiana na umri huo. Mengi yako karibu na jeni zinazosimamia ukarabati wa DNA iliyoharibika, kama vile CHEK2 na BRCA1. Yai huumbwa msichana angali tumboni mwa mama yake, kisha hukaa miongo likisubiri. Likiharibika bila kurekebishwa, mwili huliondoa, na mayai yakikaribia kwisha hedhi hukoma. Ipo pia jeni ya FMR1 kwenye kromosomu X. Kati ya wanawake wenye badiliko fulani la jeni hiyo, takriban mmoja katika kila watano ovari zake hushindwa kabla ya kufika miaka 40.

Lakini tuangalie ile nusu imepatikana wapi. Hupatikana kwa kulinganisha watu wa jamii moja, waliokulia katika mazingira yanayofanana. Mahali ambapo karibu watoto wote wamekunywa maji safi na kupata chanjo, tofauti zinazobaki kati yao zitaelekea upande wa jeni, kwa sababu mazingira hayawatofautishi sana. Hesabu hiyo haisemi lolote kuhusu pengo kati ya jamii moja na nyingine. Kosa linaanzia hapa: mtu huchukua kipimo cha urithi kilichopatikana ndani ya London na kukitumia kueleza umbali uliopo kati ya London na Bangladesh. Pengo lote kati ya miji miwili laweza kuletwa na mazingira hata kama ndani ya kila mji jeni zina nguvu kubwa. Tena tafiti kubwa za vinasaba zimeegemea wanawake wa Ulaya, na kwa kiasi fulani wa Asia Mashariki. Wabengali, ambao ni zaidi ya watu milioni 200, wamechunguzwa kidogo mno kwa njia hiyo. Anayesema kwa uhakika kwamba jeni za Kibengali ndizo zinazowawahisha, anasema jambo ambalo ushahidi haujalifikia.

Njia nzuri ya kutenganisha jeni na mazingira ni kumfuata mtu aliyehama, maana mtu husafiri na jeni zake zilezile. Waingereza wengi wenye asili ya Bangladesh wametoka Sylhet, kaskazini-mashariki mwa nchi, wakakaa mashariki mwa London, hasa Tower Hamlets. Mwanaanthropolojia Gillian Bentley na wenzake waliwagawa wanawake hao katika makundi: waliobaki Sylhet, waliohamia wakiwa watu wazima, waliohamia wakiwa watoto, na waliozaliwa Uingereza na wazazi wahamiaji. Majirani zao Wazungu nao walipimwa.

Matokeo yaliyotolewa mwaka 2007, kazi iliyoongozwa na Alejandra Núñez-de la Mora, yalitokana na vipimo vya projesteroni, homoni ya uzazi inayotolewa na ovari, kwenye mate. Waliopitisha utoto wao Uingereza walikuwa na kiwango cha juu zaidi cha homoni hiyo, na waliofika wakiwa wadogo, hasa kabla ya miaka 8, walivunja ungo mapema zaidi. Waliofika wakiwa watu wazima walibaki karibu sawa na ndugu zao wa Sylhet, ingawa wamekula chakula cha London na kutibiwa huko kwa miaka. Baadaye kikapimwa kiwango cha AMH, homoni inayotolewa na vifuko vidogo vya mayai na kuashiria akiba iliyobaki. Waliokulia Bangladesh walionekana kuwa na akiba ndogo. Asili ni ileile ya Sylhet. Kilichowatofautisha ni mahali walipokulia.

La kushangaza zaidi ni kwamba hawa hawakuwa watoto wa njaa. Wengi walitoka katika familia zenye ardhi na uwezo kwa viwango vya kwao. Shaka ya watafiti ikaelekea kwenye maradhi: minyoo, kuhara, maambukizi ya mara kwa mara. Mwili wa mtoto unaopigana kila msimu hutumia nguvu zake kwenye kinga, na uzazi hupewa kinachobaki.

Lakini mwili unakumbukaje utoto miaka 30 baadaye? Hapo ndipo inapoingia epijenetiki, yaani alama zinazowekwa juu ya DNA bila kubadilisha herufi zake. Alama inayojulikana zaidi ni methili, kikundi kidogo cha kemikali kinachojibandika kwenye DNA. Fikiria sketi ya shule iliyoshonwa na pindo refu. Fundi hakukata kitambaa. Amekikunja ndani na kukishona, kwa hiyo urefu upo lakini hauonekani. Methili hufanya kazi kama uzi huo: jeni ipo nzima, ila sehemu yake imekunjwa na seli haiisomi vizuri. Pindo linaweza kufumuliwa mapema mtoto akirefuka. Likikaa miaka mingi, likifuliwa na kupigwa pasi likiwa hivyo hivyo, mkunjo huganda, na hata uzi ukiondolewa kitambaa hakinyooki sawasawa. Seli nazo zikigawanyika hunakili pindo pamoja na kitambaa, ndiyo maana alama ya utotoni yaweza kukutwa kwa mtu mzima.

Jeni moja iliyofuatiliwa kwa njia hii ni SRD5A1, inayotengeneza kimeng'enya cha kubadilisha projesteroni na homoni za jamii yake. Mwaka 2022, maabara ya Philippa Melamed nchini Israeli, ikishirikiana na kundi la Bentley, ilieleza jaribio la panya waliosababishiwa ugonjwa wa kuvimba utumbo wakiwa wadogo. Panya hao walichelewa kubalehe, na akiba yao ya mayai ikapungua. Shughuli ya jeni hiyo nayo ilikuwa imebadilika. Kwa wanawake wenye asili ya Bangladesh, seli za ndani ya shavu zilionyesha methili nyingi zaidi kwenye jeni hiyohiyo kwa waliokulia Bangladesh kuliko kwa waliofika Uingereza wakiwa wadogo.

Tusiubebeshe ushahidi huu mzigo unaouzidi. Seli za shavu si seli za ovari. Panya si msichana wa Sylhet. Wanawake waliopimwa hawafiki maelfu. Na akiba ndogo ya mayai ni dalili tu ya kuwahi kukoma hedhi. Umri wenyewe huathiriwa na mengine, uvutaji sigara ukiwemo. Jeni nazo hazijatolewa kesini, kwa sababu katika kila kundi wapo waliowahi na waliochelewa, na urithi ni sehemu ya sababu.

Kinachobaki ni kuwafuata wenyewe hadi mwisho wa hedhi zao. Familia nyingi za Sylhet ziliungana na wanaume wao London katika miaka ya 1970 na 1980. Msichana aliyefika mwaka 1985 akiwa na miaka mitano amevuka sasa miaka 40, na dada yake mkubwa aliyefika akiwa na miaka 15 amepita 50. Wamezaliwa na mama mmoja na baba mmoja, ila mmoja alikulia kwenye maji ya Sylhet na mwingine kwenye maji ya bomba ya London. Umri ambao kila mmoja wao ataona hedhi yake ya mwisho utatueleza mengi kuliko vipimo vya mate na vya shavu.