Duka la Lu Xun, Shanghai: anza na daftari la madeni

Mwisho wa barabara ya Sichuan Kaskazini, wilaya ya Hongkou mjini Shanghai, kuna duka la vitabu la kumbukumbu ya Lu Xun, mwandishi mashuhuri wa China, na Uchiyama, Mjapani aliyemuuzia vitabu. Wageni wengi wakiingia huelekea kwenye picha za mwandishi: masharubu mazito, nywele zilizosimama, sigara. Uso huo umechapwa hadi kwenye vikombe. Siwalaumu. Ila mimi kazi yangu ni kuuza vitabu, na duka la mwenzangu hulipima kwa maswali ya biashara: mali inatoka wapi, nani anakopeshwa, nani anaruhusiwa kukaa bila kununua. Kwa duka hili, majibu ya maswali hayo yanamweleza mwandishi kuliko picha zote.

Uchiyama Kanzo alifika Shanghai mwaka 1913 akiwa mchuuzi wa dawa ya macho ya kampuni ya Osaka. Vitabu aliviingiza mkewe, Mikiko. Mwaka 1917 mama huyo alianza kuuza vitabu vya Kikristo nyumbani kwao kichochoroni, na taratibu biashara ya mke ikawa ndiyo biashara ya nyumba. Kisha, mwishoni mwa 1926, wachapishaji wa Tokyo wakaanza kutoa mifululizo ya vitabu vya yeni moja kwa juzuu, na vitabu vizito vikafika mikononi mwa watu ambao zamani waliishia kuvitazama kwenye rafu.

Ndipo akaingia Lu Xun. Alitua Shanghai tarehe 3 Oktoba 1927, na siku mbili baadaye alikuwa dukani akinunua vitabu. Alikuwa ameishi Japani tangu 1902 hadi 1909, akaanza udaktari Sendai na kuuacha, hivyo Kijapani kilikuwa lugha yake ya kusomea fasihi na nadharia za nchi nyingine. Muuza vitabu yeyote anajua furaha ya mteja wa aina hiyo: anayejua anachotaka, na anayerudi wiki ijayo.

Kilichonigusa zaidi ni daftari la madeni. Uchiyama aliuza mali kauli kwa Mjapani, kwa Mchina na kwa Mkorea bila kubagua. Kwetu mwenye duka ungemkuta amebandika ukutani “kukopa harusi, kulipa matanga” na suala lingeishia hapo. Yeye aliandika deni, akaweka viti, akachemsha chai. Msomaji alikaa, akabishana na wenzake, akaondoka na kitabu ambacho hajakilipia. Katika mji ambao Wajapani na Wachina walitazamana kwa chuki iliyokuwa ikizidi kila mwaka, meza ile ya chai haikuwa jambo dogo.

Ramani nayo inaeleza mengi. Mwaka 1929 duka lilihamia kwenye eneo hili, nje ya mpaka wa Makazi ya Kimataifa, sehemu ya mji iliyotawaliwa na wageni. Baraza la Makazi lilikuwa limejenga barabara kupita mpaka wake, na polisi wake walisimamia barabara hizo, wakati ardhi ya pembeni ilikuwa ya serikali ya China. Mtu aliyeandamwa na Kuomintang, chama kilichotawala China, kama Lu Xun baada ya 1930, alipata nafasi ya kupumua katikati ya mamlaka mbili zilizovutana. Nafasi ya kupumua tu, maana usalama kamili haukuwepo. Alijificha ghorofani kwa Uchiyama mwaka 1930. Mapigano ya Januari 1932 kati ya Japani na China yalipozuka na risasi ikaingia nyumbani kwake, alihamia tena dukani na familia yake. Barua zake zilitumwa kwa anwani ya duka. Alipohitaji stoo ya maelfu ya vitabu vyake, chumba kilipangishwa karibu na hapo kwa jina la mfanyakazi wa duka, Kamata Seiichi, na jina la Kamata ndilo lililowekwa mlangoni. Hata karatasi ya mwisho aliyoandika, tarehe 18 Oktoba 1936, ilikuwa ya kumwomba Uchiyama ampigie simu daktari. Alifariki alfajiri iliyofuata.

Kuna kisa kimoja ambacho watu wa vitabu hatuwezi kukipita. Rafiki yake Qu Qiubai, mfasiri wa Kirusi aliyewahi kuongoza Chama cha Kikomunisti, alipigwa risasi na serikali Juni 1935. Lu Xun, ambaye afya yake ilikuwa ikidhoofika, alikusanya tafsiri za marehemu, akazihariri, akasahihisha prufu mwenyewe. Shanghai nani angethubutu kuzichapa? Kupitia Uchiyama kazi ilichapwa Tokyo, juzuu mbili, nakala 500, nyingine zikiwa na mgongo wa ngozi. Juzuu ya kwanza ilimfikia wiki chache kabla ya kufa. Ya pili hakuiona. Jalada la gharama kwa mtu aliyeuawa kama mhalifu: hapo huhitaji mhakiki akufafanulie msimamo wa mhariri.

Chapa za mbao nazipita haraka, ingawa wasanii watanilaumu. Agosti 1931 Kakichi, mdogo wake Uchiyama, alifundisha vijana 13 kuchonga mbao kwa siku sita, Lu Xun akiwa mkalimani, na harakati ya chapa za kisasa China huanzia kuhesabiwa hapo.

Sasa, duka la leo. Kwa miaka mingi eneo la duka la zamani lilikuwa tawi la benki lenye bamba la ukumbusho ukutani, kwa hiyo kurudi kwa vitabu ni heri. Lakini hili ni duka la kumbukumbu, na kumbukumbu hulipiwa taslimu. Rafu za Lu Xun zimejaa. Vitabu vya waandishi wa sasa wenye ulimi mkali kama wake nilivitafuta kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Anayetaka kuona biashara yenyewe ikiendelea aende Tokyo, mtaa wa Jimbocho. Kakichi alifungua duka lake Japani mwaka 1935, na ukoo wa Uchiyama bado unauza vitabu vya Kichina huko, kwa wasomaji wanaokuja kuvitafuta hasa.

Ukifika Shanghai, achana na kikombe, nunua shajara ya Lu Xun iliyochapwa. Mwisho wa karibu kila mwaka Lu Xun aliorodhesha vitabu alivyopata, tarehe na bei, akajumlisha, mara nyingine akapiga hata wastani wa mwezi. Hata asiyejua Kichina anaweza kufuatisha tarakimu. Kisha vuka uingie barabara ya Shanyin, kwenye vyumba alivyoishi tangu 1933 hadi mwisho. Ni mwendo wa dakika chache, na ngazi za ndani ni nyembamba, kwa hiyo mzigo wa vitabu uache dukani kwanza.