Kwa nini shelisheli hugeuka rangi likishakatwa

Shelisheli likimenywa alasiri kwa ajili ya futari na kuachwa wazi kwenye sinia, huwa limeshaingia ukahawia hata kabla ya kuinjikwa. Halijaoza, wala si uchafu. Ni kazi ya kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali) kiitwacho polifenoli oksidesi, cha jamii ya oksidoriduktesi, yaani vile vinavyohamisha elektroni kutoka kemikali moja hadi nyingine.

Tunda likiwa zima, fenoli (kemikali za asili za mmea) zimefungiwa kwenye vakuoli, kifuko cha maji ndani ya seli, na kimeng'enya kimo kwenye plastidi, sehemu nyingine ya seli hiyohiyo. Kisu kikipita, seli hupasuka, vitu hivyo viwili hukutana, na oksijeni ya hewani huingia. Ndani ya kimeng'enya mna atomi 2 za shaba. Hapo molekuli 2 za difenoli (aina ya fenoli) hunyang'anywa elektroni na hidrojeni, molekuli 1 ya oksijeni ikavipokea, na mazao yake ni kwinoni 2 na maji 2. Rangi nzito huja baadaye, kwinoni zinapoungana zenyewe kwa zenyewe na kushikana na protini. (Majani ya chai hupata rangi kwa kimeng'enya hikihiki, ila huko kinatakiwa.)

Ukiloweka vipande kwenye maji matupu, maji huzuia hewa tu. Ukivitoa vipande, ukahawia unaendelea. Ndimu ni bora zaidi. Asidi yake hukidhoofisha kimeng'enya, hasa pH (kipimo cha asidi) ikishuka chini ya 4, na vitamini C huzirudisha kwinoni kuwa difenoli. Mimi nashauri vijiko 4 vya chakula vya maji ya ndimu kwa lita 1 ya maji. Lakini vitamini C huisha, basi usivitoe vipande mpaka mafuta yawe tayari.

Kwa shelisheli la kuweka friza, ndimu haitoshi. Baridi hukilaza kimeng'enya bila kukiua, na barafu hupasua seli, hivyo likiyeyuka hugeuka rangi upesi kuliko lililokatwa sasa hivi. Lichemshe kwanza: vipande vya unene wa sentimita 1, nusu kilo kwa lita 4 za maji yanayotokota, dakika 3 hadi 5, kisha maji ya baridi. Ukijaza sufuria, maji hupoa. Katikati ya kipande huishia uvuguvugu, seli zinakufa na kimeng'enya kinabaki hai. Ukikata kipande hicho utaona duara la kahawia ndani.

Ukiona mstari wa buluu-nyeusi papo hapo kisu kinapopita, hiyo ni fenoli imekutana na chuma. Badilisha kisu, tumia kisichoshika kutu.