Tukutuku si mafiga: dhana potofu za wanaoipandisha kwenye trela

"Mafiga matatu hayayumbi, fundi." Nimeambiwa hivyo Jumatatu, nikaambiwa tena Alhamisi, na mwezi haujafika katikati. Mteja anasimamisha trela mbele ya banda langu la kuchomelea hapa Mbale, mashariki mwa Uganda. Juu yake kuna tukutuku, ile bajaji ya magurudumu matatu, aliyoinunua Kampala, anaipeleka Soroti, na kinachoishikilia ni gia na breki ya mkono tu. Nikimuuliza mikanda iko wapi, ananihesabia magurudumu: moja, mawili, matatu. Ya kufungwa ni pikipiki ya kawaida, anasema, kwa kuwa hiyo huanguka.

Mzee, mafiga yamekaa chini, na jiko halipigi kona.

Tazama tukutuku kutoka juu. Ni pembetatu. Gari lina gurudumu katika kila pembe. Hii mbele ina moja tu, katikati. Trela ikifunga breki ndani ya kona, uzito unasukumwa mbele na pembeni kwa wakati mmoja, yaani pale pale pasipo na gurudumu. Hapo ndipo inapolalia. Pikipiki ya magurudumu mawili walau inamtia mtu hofu, akaifunga. Hii inasimama yenyewe, basi mwenyewe anajisahau.

Na hiyo gia na breki ya mkono? Vinazuia gurudumu lisizunguke, ila kuruka, tukutuku huruka vilevile. Trela nyingi ninazoletewa zimetengenezewa mzigo wa tani moja au zaidi, springi zake ngumu. Tukutuku tupu ina kilo 350 hivi. Ukipita tuta kwa haraka, springi hazibonyei. Trela nzima inaruka na kilicho juu kinaruka nayo. Tairi likitua, halitui pale lilipokuwa. Tuta la kwanza kidole kimoja, la pili kidole kingine, na kabla ya kufika mji wa Kumi gurudumu la nyuma linachungulia nje ya ubao. Yupo aliyerudi kwangu kioo kimevunjika na paa limebonyea, bado akiapa kwamba breki ya mkono ilikuwa juu. Nilimwamini. Ilikuwa juu.

Kanuni za kufunga mizigo za Ulaya na Marekani hutaka mzigo wa barabarani uzuiwe kwa nguvu ya 0.8 ya uzito wake upande wa mbele, na 0.5 pembeni na nyuma. Kwa kilo 350 hiyo ni kilo 280 mbele na kilo 175 kila upande. Sasa uniambie gia itazuiaje 175 za pembeni.

Ninachowafanyia ni kazi ya asubuhi moja. Gurudumu la mbele naliwekea kitanda cha anglaini (chuma cha pembe), mashavu mawili na kizuizi mbele, nakikaza sakafuni kwa bolti. Magurudumu ya nyuma yanapata kabari za mbao ngumu, mbele na nyuma ya kila moja, kimo chake kama theluthi ya tairi, nazo kwa bolti. Misumari sitaki kuisikia, mtikisiko huing'oa. Kisha mikanda minne ya racheti, ile inayokazwa kwa mpini: miwili kutoka sehemu ya chini ya foki, yaani uma unaoshika gurudumu la mbele, kwenda mbele na nje, miwili kutoka kwenye mikono inayoshika magurudumu ya nyuma kwenda nyuma na nje, mlalo wa nyuzi 45 hivi. Mikono hiyo, si bodi. Ukifunga bodi, kila springi ikibonyea mkanda unalegea, na ndoano inaanguka. Usukani uache. Na paa la tukutuku ya abiria ni bomba jembamba lililovishwa turubai, usilikaribie hata kwa kamba ya mkonge.

"Tyubu, mpira wa ndani wa tairi, inashika kuliko mkanda." Inavutika kuliko mkanda, hilo kweli. Gunia la mkaa juu ya boda boda linatulia kwa mpira kwa sababu gunia lenyewe linabonyea. Tukutuku ikisukumwa, mpira unaiachia iende kisha unaivuta kwa kishindo. Kipande cha tyubu nakitumia kuvisha mkanda pale unapopita kwenye ukingo wa chuma, maana anglaini isiyosagwa hukata mkanda kama wembe.

"Pete ya nondo ya kufungia mkanda ndiyo imara." Nondo za ujenzi zenye miiba huwa nyingi zimepozwa kwa maji kiwandani ili ganda la nje liwe gumu; moto wa kuchomelea unaharibu ugumu huo, na miiba inatafuna mkanda. Chukua chuma laini cha duara cha milimita 12, ukichomelee kwenye mhimili wa chasisi, pande zote mbili. Bati la sakafu ni la kukanyagia.

"Mkanda umeandikwa tani moja na nusu." Soma vizuri. Mara nyingi hiyo kubwa ni ya kukatikia. Ya kufanyia kazi ni theluthi yake. Sokoni wanapenda kusoma ile kubwa.

"Ingiza pua mbele, basi." Injini ya tukutuku ya abiria iko nyuma. Ukiipandisha pua mbele kwenye trela fupi, uzito unaangukia mkiani, na trela huanza kutikisa mkia ukiongeza mwendo. Isogeze mbele, au ipandishe kinyumenyume, mpaka mkono wa trela, ule unaoungwa na gari, ubebe kama sehemu moja ya kumi ya uzito wote.

"Nimekaza vizuri, sisimami mpaka Soroti." Utasimama. Baada ya kilomita chache kila kitu kimekaa mahali pake na mikanda imelegea. Kaza upya. Mikia ya mikanda iliyobaki ifunge fundo, la sivyo itaburuzika na kuzungushwa na tairi la trela.