Mshipa wa Fahamu Ukikatika, Chembe za Kinga Hufanya Nini? Maswali na Majibu

Mkoani Kigoma, ambako kazi nyingi za kila siku hufanywa kwa panga, shoka, ndoana na kamba, jeraha la mkono au la mguu si jambo geni, na mara nyingi ngozi hupona kabla mgonjwa hajatambua kwamba mshipa wa fahamu nao uliguswa. Majibu yafuatayo yanaeleza kinachotokea ndani ya mshipa huo, hasa kazi ya chembe za kinga, ambazo watafiti wa neva, yaani mishipa ya fahamu, katika vyuo vikuu mbalimbali wamekuwa wakizichunguza kwa bidii.

Kaka yangu alijikata kwa panga juu kidogo ya kifundo cha mkono alipokuwa akipogoa makuti ya mchikichi. Kidonda kimefunga, lakini kidole chake kidogo na nusu ya kidole cha pete vina ganzi. Je, tusubiri?

La, msisubiri. Dalili hizo zinaelekeza kwenye mshipa wa alna, ule unaopita nyuma ya kiwiko na kushuka upande wa kidole kidogo hadi kiganjani. Mshipa wa fahamu umejengwa kama kamba ya kufungia mtumbwi: nyuzi nyingi nyembamba, ziitwazo aksoni, zimekusanywa pamoja ndani ya ala. Kila uzi ni mkono mrefu wa seli iliyo mbali, ndani ya uti wa mgongo au kando yake. Ukikatwa, kipande cha chini hutengwa na seli yake na hufa, na kilichobaki juu hulazimika kuota upya.

Uotaji huo ni wa polepole, takriban milimita 1 kwa siku. Kutoka kifundo cha mkono hadi ncha ya kidole kidogo ni kama sentimita 15, kwa hiyo hata mambo yakienda vizuri hisia zinaweza kuchukua miezi mitano au zaidi kurudi. Lakini hesabu hiyo inahusu mshipa uliopondeka tu, au ule ambao ncha zake zimeunganishwa. Ukikatika kabisa, ncha hizo hurudi nyuma na kuachana, na nyuzi zinazoota hukosa njia, pengine zikajiviringisha na kufanya kinundu chenye maumivu. Hapo ndipo daktari wa upasuaji anapohitajika. Misuli nayo haingoji daima: ikikaa bila mawasiliano ya neva kwa miezi 12 hadi 18 hivi, hunywea kiasi kwamba hata nyuzi zikiifikia, nguvu hairudi sawasawa. Ombeni rufaa mapema kutoka kituo cha afya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni, na mweleze tarehe ya jeraha, kwa kuwa daktari ataihitaji katika uamuzi wake.

Wakati wa uchunguzi, huenda daktari akagonga ngozi polepole kwa kidole juu ya njia ya mshipa. Mgonjwa akisikia mchomo mdogo unaokimbilia kidoleni, mahali palipogongwa ndipo nyuzi changa zilipofika. Kipimo hiki kilielezwa na daktari Mfaransa Jules Tinel mwaka 1915, nacho hakihitaji mashine yoyote.

Ndani ya mshipa uliokatika kunatokea nini hasa?

Mwaka 1850 Augustus Waller, daktari Mwingereza, alikata neva za ulimi wa chura, kisha akatazama kwa hadubini jinsi nyuzi zilizotenganishwa na seli zake zinavyovunjikavunjika. Uharibifu huo hadi leo huitwa kwa jina lake. Unaacha taka nyingi, hasa vipande vya mayelini, yaani tabaka la mafuta linalouzunguka uzi wa neva na kuharakisha ujumbe. Mayelini iliyovunjika ina molekuli zinazozuia uzi mpya kusonga mbele, kwa hiyo mshipa hauwezi kuota vizuri mpaka taka hizo ziondolewe.

Wa kwanza kuianza kazi hiyo ni seli za Schwann, zile zile zilizoitengeneza mayelini. Hubadilika tabia, huanza kumeza mabaki na kutoa kemikali za kuita msaada. Ndani ya siku ya kwanza hufika nyutrofili, chembe nyeupe za damu ambazo watu wengi huzifahamu kwa kupambana na bakteria. Siku ya pili au ya tatu makrofaji, yaani chembe kubwa zenye kumeza, huanza kuingia kwa wingi kutoka kwenye damu na kuendelea na usafi kwa wiki kadhaa. Taka zikishaondoka, seli za Schwann hujipanga kwa mistari ndani ya mirija iliyobaki, na uzi mpya hufuata mistari hiyo.

Makrofaji hazisafishi tu. Mwaka 2015 watafiti wa University College London walionyesha kwamba katika pengo lililo kati ya ncha mbili za neva iliyokatwa, makrofaji hutambua upungufu wa oksijeni na kutoa kemikali inayoiita mishipa ya damu. Seli za Schwann hutambaa juu ya mishipa hiyo mipya kuvuka pengo, zikizivuta nyuzi za neva nyuma yake. Kwangu mimi huu ni miongoni mwa ugunduzi mzuri kabisa katika somo hili, kwa sababu unaonyesha chembe ya kinga ikifanya kazi ya ujenzi.

Watafiti wanayajuaje mambo haya, ilhali hawawezi kumkata mtu mshipa?

Hutumia zaidi panya wa maabara, chini ya dawa ya usingizi na kwa kibali cha kamati ya maadili. Neva ya nyonga hubanwa au kukatwa, kisha kwa siku zinazofuata timu huigawa kazi: mmoja hukata vipande vyembamba vya neva na kuvipaka rangi inayoonyesha mayelini, mwingine hupitisha seli kwenye mashine ya leza inayozihesabu kwa aina, mwingine hushughulikia takwimu. Anayehesabu kwenye hadubini kwa kawaida haambiwi kipande anachokitazama kimetoka kwa panya yupi, ili matumaini yake yasiingie kwenye hesabu.

Utaratibu huo huweza kupindua mambo yaliyoaminiwa kwa miaka mingi. Ilidhaniwa kwamba makrofaji zinazotoka kwenye damu ndizo wasafishaji wasioweza kukosekana. Watafiti wa Case Western Reserve University, Marekani, waliwachunguza panya ambao makrofaji zao hazina kipokezi, yaani sehemu ya chembe inayopokea wito wa kemikali, wakaona kwamba mayelini ilisafishwa hata hivyo. Mwaka 2017 walieleza sababu: nyutrofili nazo zilikuwa zikiimeza, na zilipoondolewa, usafi ulipungua sana.

Ndugu yetu alianguka kutoka juu ya mchikichi akaumia uti wa mgongo. Kwa nini neva zake haziponi kama za mkononi?

Ndani ya uti wa mgongo na ubongo hakuna seli za Schwann za kuongoza njia. Seli zinazotengeneza mayelini huko hazishiriki usafi kwa namna hiyo, na mikroglia, chembe za kinga zinazoishi humo, pamoja na makrofaji zinazoingia, huondoa mabaki polepole mno, hata taka zikakaa miezi au miaka. Kovu nalo hujengeka. Mwaka 2020 timu ya Ohio State University na wenzao walitangaza kwamba aina fulani ya nyutrofili changa iliwezesha nyuzi za neva ya jicho na za uti wa mgongo kuota upya katika panya. Hiyo bado si tiba ya binadamu, na yeyote anayeiuza kama tiba leo asisikilizwe. Kilicho mikononi mwetu ni namna ya kumbeba aliyeanguka: alazwe kwenye ubao mgumu, kichwa, shingo na mgongo vikiwa katika mstari mmoja, wala asikunjwe kwenye bodaboda.

Je, chembe za kinga zinaweza kuiharibu neva yenyewe?

Ndiyo, na mfano unaotuhusu zaidi ni ukoma. Bakteria wake, aliyetambuliwa na Gerhard Hansen wa Norwei mwaka 1873, hujificha ndani ya seli za Schwann. Kinga ikimshambulia humo, neva huvimba ndani ya ala yake, hubanwa na kufa, na hilo laweza kutokea hata mgonjwa akiwa tayari kwenye dawa. Baka lisilosikia mguso wa pamba, au mshipa mnene wenye maumivu nyuma ya kiwiko, ni sababu ya kwenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dawa za ukoma hutolewa bure kwa miezi 6 au 12. Prednisoloni hutuliza shambulio la kinga, na huokoa neva zaidi ikianza kabla ganzi haijafikisha miezi sita. Isinunuliwe kiholela dukani, maana hupunguza kinga ya mwili mzima.

Wakati tunasubiri hisia zirudi, mkono utunzwe vipi?

Mkono wenye ganzi haumwonyi mwenyewe. Asishike sufuria ya mawese yanayochemka bila kitambaa kinene, asipime joto la maji kwa mkono huo, na kila jioni akague ngozi kwenye mwanga akitafuta malengelenge na michubuko. Vidole vikunjwe na kukunjuliwa kwa msaada wa mkono ule mwingine usioumia mara kadhaa kwa siku ili viungo visikakamae. Ganzi ikipanda juu zaidi, vidole vikianza kujikunja vyenyewe, au kidonda kikitokea bila maumivu, arudi kwa daktari bila kungoja tarehe aliyopangiwa.