Picha ina mgongo

Wiki iliyopita nimeulizwa tena. Tulikuwa kwenye kikao cha kugawana vyumba, na mwenzetu mmoja wa utawala, mtu mwema kabisa, akanigeukia: "Lakini hizo picha si mlishaziskani? Sasa makaratasi yanakaa kwenye chumba chenye kiyoyozi kwa kazi gani?" Watu wakatikisa vichwa kumkubali. Kabla yake aliniuliza mfadhili mmoja, na kabla ya mfadhili mwanafunzi wa uzamili wa historia, na huyo ndiye aliyeniuma zaidi kwa sababu yeye alipaswa kujua. Naandika jibu refu mara moja, ili siku nyingine nitume kiungo tu.

Ninatunza picha za zamani katika maktaba ya chuo kikuu: negativu za kioo (vioo vyenye taswira iliyogeuzwa, vya kuchapia picha), mikanda ya filamu, chapa za ute wa yai (picha za karatasi iliyopakwa ute huo kushika taswira), chapa za jelatini (zile zinazoshika taswira ndani ya jelatini), kadi za posta, albamu za familia na za maofisa wa mkoloni. Kuskani ni kazi yangu ya kila siku na sina ugomvi nako. Ninachokikataa ni imani kwamba mwanga wa skana ukishapita juu ya picha, picha yote imeingia kwenye kompyuta na kilichobaki mezani ni ganda.

Chukua picha ya Beit al-Ajaib, jumba la sherehe la masultani, Unguja. Tangu sehemu ya jengo lile ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, naulizwa picha zake kuliko za jengo lingine lolote. Tuseme umeipata skani yake, na chini pameandikwa 1905. Jengo lilijengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Mbele yake, upande wa bahari, ulikuwepo mnara wa taa na saa uliosimama peke yake. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza ziliipiga kasri kwa mizinga, kwa muda usiofika hata saa nzima, na mnara ule ukaharibika. Jengo lilipokarabatiwa, mnara mpya ulijengwa ukiwa umeshikamana na uso wake. Kwa hiyo ukiona mnara uko peke yake, picha ilipigwa kabla ya mizinga, hata kama maandishi yanasema vingine. Hapo wengi hufuta 1905, wakaandika "kabla ya 1896", wakafunga faili.

Jamani, bado. Aliyeandika 1905 pengine hakukosea hata kidogo. Wapiga picha wa biashara wa Unguja, A. C. Gomes na ndugu Coutinho wakiwemo, waliwauzia wasafiri mandhari ya mji, na negativu nzuri ya kioo haikutupwa. Ilichapwa tena na tena kadiri ilivyopata mnunuzi. Picha moja basi ina tarehe mbili: siku lenzi ilipofunguliwa na siku karatasi ilipochapwa. Ya kwanza utaisoma ndani ya taswira. Ya pili iko kwenye karatasi, na karatasi haiskaniki.

Ngoja nieleze ninavyoangalia. Chapa ya ute wa yai imo kwenye karatasi nyembamba sana, ndiyo maana karibu zote zimebandikwa juu ya kadi ngumu, la sivyo zinajikunja kama gome la mdalasini. Ukiweka lenzi ya kukuzia unaziona nyuzi za karatasi, kwa sababu hakuna tabaka jeupe linalozificha. Rangi yake ni hudhurungi inayoelekea zambarau, na zile sehemu zilizokuwa nyeupe, mawingu na kanzu, zimekuwa manjano. Chapa ya jelatini ya miaka ya baadaye ina tabaka jeupe chini ya taswira, nyuzi huzioni, rangi yake ni ya kijivu na nyeusi. Iinamishe kwenye mwanga wa dirisha, na mara nyingi pembeni kwenye vivuli utaona mng'ao wa buluu kama wa kioo: hiyo ni fedha iliyopanda juu ya jelatini. Kadi ya posta iliyopigwa mtamboni nayo utaijua kwa nukta au chembe za wino.

Sasa zichukue zote tatu, ziskani, zipunguze ziwe faili ndogo ya kupandisha mtandaoni. Zinafanana! Mwanafunzi wangu ameandika katika tasnifu "picha ya miaka ya 1890" wakati alichokuwa nacho ni skani ya chapa ya jelatini, iliyotoka miongo kadhaa baadaye kwenye negativu ya zamani. Tofauti hiyo ni kubwa. Maana yake kuna mtu aliyeendelea kuuza sura ya mji wa sultani wakati mnara wenyewe ulishavunjika na bendera ya wenye mji ilishabadilika maana, na kuna mgeni aliyelipa pesa aipate sura hiyo na si ile aliyokuwa akiiona kutoka melini. Hilo ni swali zuri la historia kuliko lile aliloandikia sura nzima. Lilikuwa mkononi mwake. Hakuomba kuona karatasi kwa sababu "ilishaskaniwa".

Halafu kuna mgongo. Nilipoanza kazi, tuliskani albamu ya ofisa mmoja wa wilaya upande wa mbele tu, kwa haraka, kwa sababu fedha za mradi zilihesabiwa kwa idadi ya kurasa. Nilisimamia mwenyewe, na kosa ni langu. Miaka kadhaa baadaye gundi ikaachia na picha moja ikadondoka nilipofungua ukurasa. Mbele, chini ya wanawake wawili waliovaa kanga, ofisa aliandika kwa wino: "wanawake wa kienyeji". Nyuma kulikuwa na penseli iliyofifia, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu: majina yao wote wawili, majina ya baba zao, na neno moja, "arusini". Nilikaa chini. Kwa miaka yote hiyo tulikuwa tumeutangazia ulimwengu maneno ya ofisa, na majina ya wenye picha yamebanwa kwenye gundi.

Mambo ya faili nayapita haraka, maana yameshasemwa sana. Diski za CD tulizochoma miaka ishirini iliyopita nyingi hazisomeki. Faili lazima ihamishwe, ikaguliwe, iwe na nakala mahali pengine, na kila hatua ina gharama isiyoisha. Negativu ya kioo iliyokaa vizuri, hata ya zaidi ya miaka 100, unaiinua dirishani na unaiona.

Mwenzangu wa utawala ana haki mahali pamoja, na sitamnyima. Tarehe 18 Aprili 2021 moto wa Table Mountain ulishuka hadi Chuo Kikuu cha Cape Town, ukateketeza chumba cha kusomea cha maktaba ya Jagger na mkusanyiko mkubwa wa vitabu vya masomo ya Afrika pamoja na filamu. Milango ya kuzuia moto iliokoa sehemu kubwa ya ghala za chini, kisha maji ya kuzimia yakaingia humo, na watu wa kujitolea wakabeba makreti siku baada ya siku. Siku kama hiyo, kilichokuwa na skani kina pumzi. Vilevile filamu ya nitrati, yaani ya plastiki ya zamani: ikishaanza kunata na kutoa harufu kali haina marejeo, inawaka kirahisi na maji hayaizimi, na sitaiweka chini ya paa moja na wanafunzi eti kwa sababu ndiyo picha yenyewe ya asili. Hiyo tunaiskani vizuri na kuiondoa.

Vitabu vya fani vinasema unyevu wa hewa usizidi asilimia 50. Vimeandikiwa watu wa baridi. Mimi nipo pwani. Kiyoyozi kikizimwa Ijumaa jioni kubana matumizi na kuwashwa Jumatatu, au umeme ukikatika usiku kucha, jelatini inavimba na kusinyaa kila wiki, na hapo ndipo tabaka hupasuka na picha kugandana. Siku hizi naelekea kuamini kwamba chumba chenye unyevu wa juu kidogo lakini usiobadilika, chenye hewa inayozunguka, kinazifaa chapa zetu kuliko namba nzuri inayopatikana saa nane kwa siku. Nayasema haya kwa wasiwasi, maana kuvu haisubiri nimalize kujiridhisha.

Na kuna linalonisumbua zaidi ya kuvu. Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kina mkusanyiko wa Winterton: picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki, za kati ya 1860 na 1960. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt ina takriban 55,000 za iliyokuwa Jumuiya ya Ukoloni ya Wajerumani. Picha za wamisionari wa Leipzig waliokaa Uchagani zinaonekana mtandaoni kupitia Chuo Kikuu cha Southern California. Nashukuru sana, nazitumia kila wiki. Lakini nikitaka kujua mgongo wa picha ya Machame una nini, natakiwa viza. Na ukiuliza habari ya picha kurudi, unaweza kujibiwa kwa upole kwamba zimeskaniwa na sote tunaziona. Ni sentensi ileile ya kwenye kikao chetu cha vyumba! Tukiikubali hapa ili tupate nafasi ya meza nne za kompyuta, kule tutaipinga kwa mdomo gani?

Kuhusu wanawake wale wawili bado sijaamua. Kuyaweka majina yao mtandaoni ni kuwarudishia heshima, nahisi hivyo. Lakini hakuna anayejua kama waliulizwa kabla ya kupigwa picha, na wajukuu wao huenda wako hapahapa mjini na wana la kusema. Kwa sasa nimeyaandika kwenye kadi ya ndani, na nimeanza kuuliza wazee, taratibu, bila kuonyesha picha kwa kila mtu.

Chumba nimepewa hadi Juni. Jumatatu naanza kuskani migongo ya albamu ile, ukurasa mmoja mmoja, kwa spatula nyembamba pale gundi inaporuhusu. Isiporuhusu, picha inabaki ilipo.