Lieni ya Ujenzi California: Haki Inayopotea Kabla Deni Halijachelewa

Kazi yangu ni kufuatilia madeni ya wakandarasi wadogo na wauzaji wa vifaa vya ujenzi katika jimbo la California, nchini Marekani, na kinachonisikitisha ni kwamba wengi huanza kuuliza juu ya haki yao wakati imekwisha kuwaponyoka. Haki hiyo ni lieni ya ujenzi, yaani dai linalosajiliwa juu ya kiwanja na jengo lenyewe, ili asiyelipwa aweze, ikibidi, kuiomba mahakama iamuru mali hiyo iuzwe apate chake. Inatambuliwa na Katiba ya California, katika ibara ya 14. Hata hivyo, kwa yule asiye na mkataba wa moja kwa moja na mwenye mali, haisimami bila notisi ya awali, yaani taarifa ya maandishi kwamba unatoa kazi au vifaa katika ujenzi huo.

Notisi hiyo hupelekwa kwa mwenye mali, kwa mkandarasi mkuu na kwa mkopeshaji anayegharimia ujenzi, kama yupo, ndani ya siku 20 tangu kazi kuanza au vifaa vya kwanza kufika. Ukichelewa, bado unaweza kuipeleka, lakini italinda tu kilichotolewa katika siku 20 zilizotangulia na kuendelea mbele. Tuseme umeanza kushusha saruji na nondo tarehe 1 Machi, ukapeleka notisi tarehe 10 Aprili: shehena zote za kabla ya Machi 21 zinabaki kuwa deni la kawaida, lisilo na jengo nyuma yake. Wengi huona haya kuipeleka, wakidhani mkandarasi mkuu ataichukulia kama dalili ya kutoaminiwa. Mimi nasisitiza ipelekwe kwa kila kazi, kwa barua ya rejesta, na risiti ya posta itunzwe, kwa maana hapa ni utaratibu wa kawaida kabisa, na wakopeshaji wenyewe huitarajia.

Jambo la pili ninalolipigania ni hati za kuachilia haki, yaani karatasi ambazo anayelipwa huzisaini kuiacha haki yake ya lieni, na ambazo huletwa pamoja na kila malipo. Sheria imeweka fomu nne: za malipo ya awamu na za malipo ya mwisho, na katika kila kundi ipo yenye masharti na isiyo na masharti. Yenye masharti hufanya kazi pale tu fedha zinapopokelewa kweli. Isiyo na masharti humfunga aliyetia saini papo hapo, hata kama hundi itarudi bila kulipwa. Kwa hiyo, mhasibu wa mkandarasi mkuu anapokutaka usaini isiyo na masharti ndipo akuandikie hundi, mpe yenye masharti, naye atakuwa amepata kila anachostahili.

Muda wa kusajili lieni katika ofisi ya msajili wa kaunti ni siku 90 tangu kazi nzima ikamilike. Mwenye mali akisajili notisi ya ukamilishaji, muda huo hupungua hadi siku 60 kwa mkandarasi mkuu na siku 30 tu kwa wengine wote, na kwa sababu hiyo ninashauri kumbukumbu za kaunti zikaguliwe mara kwa mara kazi inapokaribia mwisho. Mali ya umma haiwekewi lieni. Huko njia ni notisi ya kuzuia malipo, inayoitaka taasisi ya umma ishikilie fedha za mkandarasi mkuu, na dhamana ya malipo ya mkandarasi mkuu, yaani ahadi ya mdhamini kuwalipa wasiolipwa.

Kusajili peke yake hakutoshi. Shauri lazima lifunguliwe ndani ya siku 90 tangu kusajiliwa, isipokuwa pande zote zimekubaliana kwa maandishi yaliyosajiliwa kuongeza muda. Vinginevyo lieni inakufa, na mwenye mali anaweza kuiomba mahakama iifute. Ndiyo maana siku ninayosajili lieni ndiyo siku ninayomkabidhi wakili faili, ikiwa na mkataba, ankara, hati za kupokelea vifaa zenye saini, na risiti ya ile notisi ya awali.