London hadi New York: kilomita ni zilezile, saa hazifanani

Kazi yangu ni kupanga njia za ndege, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni la umbali. Kutoka uwanja wa Heathrow, London, hadi ule wa JFK, New York, ni takribani kilomita 5,540, ukipima njia fupi kabisa juu ya tufe la dunia. Kwenye ramani bapa njia hiyo huonekana imepinda kwenda kaskazini, na abiria huhisi wanazungushwa. Hawazungushwi, ramani ndiyo inayodanganya.

Kilomita hizo, hata hivyo, hazikuambii utafika lini. Ndege hupasua hewa, na hewa yenyewe inakwenda. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini, kwenye kimo cha kilomita kumi hivi, kuna mkondo wa upepo mkali utokao magharibi kwenda mashariki, na majira ya baridi huzidi kupamba moto.

Tupige hesabu. Chukua ndege yenye kasi ya kilomita 900 kwa saa. Hewa ikitulia, itavuka kwa saa 6 na dakika 9. Weka upepo wa kilomita 120 kwa saa: ukiisukuma kwa nyuma, saa 5 na dakika 26, ukiikabili, saa 7 na dakika 6. Wengi hudhani unachopoteza kwenda utakirudisha wakati wa kurudi. Wapi! Umeokoa dakika 43 na kupoteza 57, kwa kuwa upepo wa mbele unakushika kwa muda mrefu zaidi.

Februari 2020, dhoruba Ciara ilipovuma, ndege ya British Airways ilitoka New York hadi London kwa chini ya saa 5. Kasi yake juu ya ardhi ilipita kilomita 1,300 kwa saa, lakini haikuvunja kizuizi cha sauti, yaani haikuipita kasi ya sauti, maana hewa iliyoizunguka ilikuwa ikikimbia nayo.

Ndiyo sababu njia fupi si lazima iwe ya haraka. Vituo vya kuongoza ndege vya Shanwick na Gander, vinavyosimamia anga ya Atlantiki ya Kaskazini, hupanga upya njia za kuvukia bahari hiyo kwa kufuata upepo wa siku, na mara nyingi mimi huongeza kilomita kwa makusudi ili niokoe mafuta.

Muda ulioandikwa kwenye ratiba nao ni mrefu kuliko wa angani: huanza ndege inapoondoka getini na kuisha inaposimama geti la pili, foleni ya kuruka ikiwemo. Na usisahau tofauti ya saa 5 kati ya miji hiyo.

Upepo angalau hutabirika. Anga ikifungwa ni habari nyingine. Hadi mwanzoni mwa 2022, Helsinki hadi Tokyo ilikuwa safari ya saa 9 na nusu hivi, kupitia Urusi. Anga hiyo ilipofungwa kwa ndege za Finland, safari ikawa ya takribani saa 13, wakati mwingine kwa kupita karibu na Ncha ya Kaskazini.